Somo: Kushona majoho mawili ya ndoa ya Westeros na kuweka nembo ya ukoo mahali pake

Wenzetu wanaojiandaa kuigiza ndoa ya Westeros hapa Nyamagana wameniomba niwaandikie hatua za kushona majoho, nami nimekubali kwa sharti kwamba tuelewane kwanza kuhusu kazi ya joho lenyewe kabla mtu hajagusa mkasi. Katika hadithi za George R. R. Martin kuhusu Westeros, bara la kubuni, ambazo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1996, bibi harusi huingia amevaa joho lenye rangi na nembo ya ukoo wa baba yake, ambalo hapa nitaliita joho la mwali. Viapo na baraka vikishakamilika, baba au anayesimama badala yake humvua joho hilo, kisha bwana harusi humvika joho la ukoo wake kuonyesha kwamba kuanzia hapo yeye ndiye mwenye jukumu la kumlinda. Yanahitajika basi majoho mawili, na kila moja lazima lisomeke na mtu aliyeketi safu ya mwisho, kwa sababu mgeni asiyetambua joho limetoka ukoo upi hataelewa kilichohama mbele ya macho yake.

Hatua ya kwanza: kuchagua koo mbili

Msichague kwa mapenzi ya wahusika peke yake, tazameni rangi. Huko Ulaya, ambako desturi ya nembo za ngao ilishika mizizi katika karne ya 12, iliwekwa kanuni inayogawa rangi katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la metali, yaani dhahabu na fedha, ambazo mchoraji anaweza kuzipaka manjano na nyeupe. Kundi la pili ni nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi, kwa sababu ngao ilitakiwa kutambulika kwa mbali, katikati ya vumbi na farasi wanaokimbia.

Martin anaifuata kanuni hiyo pale anapotaka na kuivunja pale anapotaka. Simba wa dhahabu wa ukoo wa Lannister juu ya wekundu uliokolea, waridi la dhahabu la Tyrell juu ya kijani, paa mweusi mwenye taji wa Baratheon juu ya dhahabu, na pweza wa dhahabu wa Greyjoy juu ya weusi, zote hizo zinaonekana hata taa zikiwa hafifu. Joka jekundu la Targaryen lenye vichwa vitatu juu ya weusi ni zuri mno kwenye karatasi, lakini ukumbini usiku humezwa na kitambaa chake. Jua jekundu la Martell, lililochomwa mkuki wa dhahabu juu ya rangi ya chungwa, lina tatizo hilohilo kwa kiasi kidogo. Mbwamwitu wa kijivu wa Stark juu ya weupe ndiye anayependwa na wengi na ndiye anayesumbua zaidi. Mkimchagua, mkateni kwa kijivu cha giza kinachokaribia rangi ya mkaa, kisha mzungushieni uzi mweusi.

Ushauri wangu kwa onyesho la kwanza ni Tyrell kwa joho la mwali na Baratheon kwa joho la bwana harusi. Kijani kikivuliwa na dhahabu ikivikwa, hata mtoto ambaye hajasoma ukurasa mmoja ataona kwamba jambo limetokea.

Hatua ya pili: kitambaa na kukata

Mahameli hutajwa vitabuni, nayo inapendeza, lakini katika joto letu la mchana bibi harusi atalowa jasho kabla viapo havijaisha. Kitambaa cha suti chenye uzito wa kati huanguka vizuri na hakichoshi. Wenye bajeti ndogo waende soko la Mlango Mmoja watafute mapazia mazito ya mitumba, kwa kuwa pazia moja refu mara nyingi lina upana na uzito unaofaa, na rangi zake zimekolea kuliko za vitambaa vingi vya bei hiyo.

Joho ni nusu duara. Kwa mtu wa urefu wa wastani, chukueni urefu wa sentimita 130 kutoka shingoni hadi karibu na sakafu, ongezeni sentimita 13 za tundu la shingo, mtapata kipimo cha sentimita 143 kutoka katikati ya ukingo ulionyooka. Tandikeni kitambaa chenye upana wa sentimita 150 na urefu wa mita 3, weka alama katikati ya ukingo mrefu, funga chaki kwenye kamba, kisha chora pinde mbili: ya sentimita 13 na ya sentimita 143. Tundu la shingo litakuwa na mzunguko wa sentimita 40 hivi, na litatosha bila kukaba. Bitana si lazima kwa joho la mwali, ila kwa joho la bwana harusi ninaisisitiza, kwa sababu upande wa ndani huonekana wakati linapoinuliwa.

Hatua ya tatu: nembo

Hapa ndipo penye kazi, na hapa msiharakishe.

Chora nembo kwenye karatasi yenye miraba ya sentimita 1, iwe na upana wa miraba 12 na urefu wa miraba 14. Chora miraba ya sentimita 4 kwenye karatasi kubwa, kisha hamisha mistari mraba kwa mraba, nawe utapata nembo yenye upana wa sentimita 48 na urefu wa sentimita 56. Ondoa kila kisichoonekana kwa mbali, yakiwemo manyoya ya shingo, kucha ndogo na mishipa ya majani. Mnyama wa nembo hutambulika kwa umbo la nje, na paa wa Baratheon ni pembe na taji kuliko kitu kingine chochote.

Kata umbo hilo kwenye kitambaa cha rangi ya pili na ulibandike juu ya kile kitambaa kigumu ambacho mafundi huweka ndani ya kola. Msiruke kipengele hiki. Nusu duara huanguka kwa mikunjo, na nembo isiyo na kitu kigumu nyuma yake itajikunja katikati, simba akabaki na nusu ya uso. Ukingo wa juu wa nembo uanzie sentimita 15 chini ya shingo, kwenye mstari wa katikati ya mgongo. Ishikize kwanza kwa mkono, kisha pitisha mshono wa zigizaga pembeni. Mwenye cherehani ya kukanyaga isiyo na zigizaga ashone mistari miwili iliyonyooka iliyokaribiana, halafu afunike ukingo kwa uzi mnene wa kudarizi.

Vitabu vyenyewe vinatupa mifano ya ufundi huu, na anayeendelea kusoma ambaye hajafika kitabu cha tano aruke aya hii. Katika ndoa ya Ramsay Bolton, iliyomo kwenye kitabu hicho cha tano kilichotoka mwaka 2011, joho la mwali ni la sufu nyeupe lenye pindo la manyoya ya kijivu na mbwamwitu wa Stark. Joho analovikwa bibi harusi ni la waridi, na mtu aliyechunwa ngozi ameshonwa mgongoni kwa ngozi ngumu nyekundu. Ngozi ngumu, si rangi ya kupaka: mwandishi alijua kwamba nembo lazima isimame. Kinachotisha zaidi ni kwamba Ramsay mwenyewe ndiye anayemvua binti joho la kwanza, na binti huyo si Stark hata kidogo. Joho linatangaza ukoo ambao mvaaji hana, na wote waliohudhuria wanalazimika kulisoma kana kwamba ni kweli.

Hatua ya nne: kifungo

Tumia kulabu moja kubwa na pete yake, si vifungo wala zipu. Anayevua lazima aweze kuifungua kwa mkono mmoja bila kutazama.

Hatua ya tano: mpangilio wa tendo

Maharusi humtazama anayefungisha ndoa, na wageni wako nyuma yao, kwa hiyo nembo ya mwali huonekana muda wote wa viapo. Baba asimame nyuma yake kidogo upande wa kushoto, afungue kulabu, avue, na alikunje joho juu ya mkono wake, asilitupe kitini. Bwana harusi analishika lake mabegani, nembo ikimwelekea yeye, analishusha juu ya bibi harusi, anafunga, kisha anapiga hatua moja pembeni. Hatua hiyo moja husahaulika sana, na bila hiyo wageni wanatazama mgongo wa bwana harusi badala ya nembo.

Maswali ya wanakikundi

Swali kutoka Bukoba: Shikamoo mwalimu. Sisi huku tuna miziro ya koo zetu, yaani wanyama au vitu ambavyo kila ukoo una mwiko navyo. Je, tunaweza kuitumia badala ya nembo za kwenye hadithi?

Jibu: Marahaba. Mngeweza, lakini mfahamu kwamba ni vitu viwili tofauti. Mnyama wa nembo ya Westeros hana mwiko wowote. Hakuna anayewakataza watu wa ukoo wa Tully kula samaki, ingawa nembo yao ni samaki wa fedha. Mziro una mwiko ndani yake. Tena kwa jirani zetu Waganda mwanamke aliyeolewa hubaki katika ukoo aliozaliwa, na watoto ndio hufuata ukoo wa baba, kwa hiyo tendo la kumvua nembo ya kwao lingesema jambo ambalo desturi hiyo haisemi. Waulizeni wazee kwanza.

Swali kutoka Igoma: Bibi harusi wetu ni mrefu kuliko bwana harusi kwa kichwa kizima. Tufanyeje?

Jibu: Mmeingia kwenye tukio maarufu la kitabu cha tatu, cha mwaka 2000. Sansa, bibi harusi, anakataa kupiga magoti, na Tyrion, bwana harusi aliye mfupi sana, analazimika kupanda juu ya mgongo wa Dontos, mchekeshaji wa ikulu, ili afikie mabega yake, huku watu wakicheka. Kwenye tamthilia ya televisheni, mwaka 2013, mfalme Joffrey anaondoa kigoda ambacho Tyrion angepanda. Kama hamuigizi fedheha hiyo, bibi harusi apige goti moja, akiwa amefanya mazoezi akiwa na joho mwilini, maana upindo hukanyagika kirahisi.

Swali kutoka Kirumba: Baba wa mhusika amekufa na ndugu zake ni maadui. Nani amvue joho?

Jibu: Yeyote anayekubalika kumsimamia. Alys Karstark alisindikizwa na Jon Snow, kamanda wa walinzi wa Ukuta wa kaskazini, na joho la mwali la Alys lilikuwa la sufu nyeusi ya walinzi hao, jua la ukoo wake likiwa limeshonwa kwa manyoya meupe yaleyale yaliyowekwa ndani ya joho. Huo ni mfano mzuri kwa wasio na fedha ya kitambaa kipya.

Swali kutoka Ilemela: Dada, mtoto wa nje ya ndoa anavaa nembo gani?

Jibu: Desturi ya Westeros ni kugeuza rangi za ukoo wa baba. Blackfyre, walioanzishwa na mtoto wa mfalme wa Targaryen aliyezaliwa nje ya ndoa, walichukua joka jeusi juu ya wekundu. Ni mabadiliko yasiyokuongezea kazi ya kuchora. Unabadilisha vitambaa tu.

Swali kutoka Igoma tena: Joho la mahameli tulilokwisha kulinunua limejikunja vibaya. Tulipige pasi?

Jibu: Msilipige pasi usoni, litang'aa na kubaki na alama. Lilazeni kifudifudi juu ya taulo nene, mpitishe mvuke upande wa nyuma bila kukandamiza, kisha mlitundike usiku kucha kwa mabega yake, si kwa kulabu ya shingoni.