Jinsi ya Kuufanya Urafiki wa Wawili Uwe Undugu wa Nyumba Mbili

Marafiki wawili wanaweza kupendana tangu chuoni hadi uzeeni bila nyumba zao kuwa kitu kimoja, kwa sababu mapenzi yao hayawafikii wake, waume na watoto mpaka yapelekwe. Maelekezo haya ni ya mtu wa Mombasa anayetaka undugu huo udumu hata baada ya wao wawili kufariki.

Anza na watoto, wala usianze na fedha. Wafundishe kumwita rafiki yako ami, mjomba au mamdogo, kisha umpe haki inayoandamana na jina hilo: amtume mtoto wako dukani, amkanye akikosea, na amlishe na kumlaza kwake bila kukuomba ruhusa. Mzazi anayenuna mwanawe anapokaripiwa na rafiki yake hajawa tayari kwa jambo hili.

Mwezi wa Ramadhani husaidia sana. Futari, iwe viazi vya nazi, kaimati au tambi, ipelekwe na watoto wenyewe ili waizoee nyumba ile, na sahani isirudi tupu. Ikiwa rafiki yako ni Mkristo, usitosheke kumwalika kwako Idi. Nenda kwake Krismasi pamoja na jamaa yako yote.

Katika harusi, mgeni hupewa kiti, lakini mtu wa nyumba hupewa kazi. Mweke rafiki yako miongoni mwa wazee wanaokwenda kuposa, na umkabidhi mkewe usimamizi wa jiko au wa kumpamba biharusi. Msiba unataka maandalizi zaidi, kwa kuwa maziko ya Kiislamu hayacheleweshwi na mara nyingi hukamilika siku ile ile. Kwa hiyo kubalianeni mapema nani atashughulikia kibali cha maziko, nani atakwenda makaburini na nani atakaa na mjane, ambaye edda yake, yaani muda wake wa kukaa baada ya kufiwa na mume, ni miezi minne na siku kumi, muda mrefu kuliko wengi wanavyoendelea kumtembelea.

Liko jambo moja ambalo akina mama hulifanya kwa wema na kulisahau. Mama akimnyonyesha mtoto wa rafiki yake mara tano mbalimbali kabla hajatimiza miaka miwili, basi kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mtoto huyo amekuwa mwanawe wa kunyonya na hawezi kuoana na watoto wa mama huyo. Waelezeni watoto wangali wadogo, msingoje siku ya posa. Hata pale ambapo hakuna kizuizi, mimi singeshauri wazazi washinikize watoto wao waoane ili kuukaza undugu, kwani ndoa ikivunjika nyumba zote mbili hulazimika kuchagua upande.

Mali ndiyo huachwa mwisho, na ndiyo huleta kesi. Sheria ya mirathi ya Kiislamu haimpi rafiki fungu, hata kama mmeishi kama ndugu wa tumbo moja. Unayetaka kumwachia kitu unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya gharama za maziko na madeni, au umpe zawadi akakabidhiwa ukiwa hai. Waarifu warithi wako ili jambo lisiwafikie kwa mara ya kwanza katika Mahakama ya Kadhi. Iwapo mmenunua nyumba kwa ushirika, andikeni hisa za kila mmoja mbele ya wakili na mashahidi, hasa ikiwa ni nyumba bila ardhi, kama zilivyo nyingi mjini humu, ambapo kuta ni zenu na kiwanja ni cha mwingine. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwake, na watoto wakubwa wa pande zote mbili waonyeshwe zilipo.