Mafuta ya karafuu kwenye losheni: pima, usikisie

Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo yujenoli. Ndiyo inayoyapa harufu ile tamu, na ndiyo hiyo hiyo inayowasha ngozi na kuleta mzio. Kwa losheni ya mwili usizidi asilimia 0.5, yaani gramu 0.5 katika gramu 100. Tumia mizani ndogo. Matone hayalingani ukubwa. Yachanganye kwanza na mafuta ya nazi, kwani kwenye maji matupu hayayeyuki na ngozi itapata tone kali. Kwenye sabuni ya kostiki yatie mwisho kabisa, maana huigandisha ghafla kabla hujaimimina. Jaribu losheni kidogo ndani ya kiwiko, subiri saa 48. Mtoto mchanga asipakwe kabisa.