Kufufua bastola ya upepo ya Webley Senior

Webley Senior ilianza kutengenezwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1930. Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo waulize polisi kabla ya kununua. Kagua mpini wa bakelaiti (plastiki ngumu ya zamani); ukipasuka, wa asili hupatikana kwa tabu.

Kutu ya juu isugue taratibu kwa stilwuli (nyuzi za chuma) laini kabisa, namba 0000, yenye mafuta. Usipake rangi upya: bastola iliyochakaa kiungwana ina thamani kuliko inayong'aa kwa uongo.

Nguvu ikipungua, watu hukimbilia springi. Aghalabu kosa ni washa, yaani kipete kidogo cha kuziba hewa nyuma ya mtutu. Weka kipande cha tishu juu ya kiungo cha mtutu na silinda, kisha fyatua bastola ikiwa na risasi; tishu ikiruka, hewa inavuja. Washa mpya ichomoze kidogo tu, la sivyo mtutu hautafunga. Ukilazimika kufungua kiziba cha mbele, kumbuka springi imebanwa: tumia jiliwa, na uso ukae pembeni.

Mafuta yatokanayo na petroli yasiingie kwenye silinda, yanaweza kulipuka kwa mgandamizo. Usifyatue tupu. Tumia vidonge laini vya madini ya risasi, si gololi za chuma zinazokwangua mtutu. Vaa miwani, lenga shabaha mita 6, mkono usiikabe bastola.