Seva ya Linux ikipoteza kumbukumbu, hesabu vichwa vya pakiti usiku

Seva ya Linux inapopungukiwa kumbukumbu siku hadi siku, ilhali hakuna programu kwenye orodha ya amri ya top inayoonekana kuila, tazama SUnreclaim (kumbukumbu ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, isiyoweza kurejeshwa kwa urahisi) ndani ya /proc/meminfo. Ikiwa inapanda tu bila kushuka, ingia kama root, endesha amri hii usiku mtandao ukiwa umetulia, kisha uirudie usiku unaofuata saa ileile:

grep skbuff /proc/slabinfo

Namba ya kwanza baada ya jina skbuff_head_cache ni idadi ya vichwa vya pakiti vinavyotumika, yaani rekodi ambazo kerneli hutunza kwa kila pakiti ya data ya mtandao (vya TCP inayotoka huwa zaidi kwenye skbuff_fclone_cache). Kichwa huchukuliwa pakiti inapoundwa na hurudishwa ikishashughulikiwa, kwa hiyo namba hupanda mchana na hutakiwa kushuka usiku. Isiposhuka, shuku draiva ya kadi ya mtandao au moduli ya kuchuja pakiti, hasa iliyoongezwa kutoka nje ya kerneli. Lakini kwanza endesha ss -tm, inayoonyesha soketi (miunganisho) za TCP: Recv-Q kubwa, yaani data iliyopokelewa inayongoja kusomwa, maana yake ni programu isiyosoma soketi zake, na hapo kerneli haina kosa. Namba yenyewe si sahihi kabisa, kwani SLUB (kigawa kumbukumbu cha kerneli) huhesabu pia baadhi ya vichwa vilivyo huru kwenye akiba ya kila CPU, hivyo angalia mwelekeo. Njia hii haifui dafu draiva inapochukua kurasa za kumbukumbu moja kwa moja, kwa sababu kurasa hizo hazionekani kwenye slabinfo wala kwenye SUnreclaim.