Oska aishi na nani? Kumchagulia samaki mkali wenzake

Kabla ya kuuliza oska wako, samaki wa mapambo kutoka Amerika Kusini, ataelewana na nani, chukua futi upime tangi. Oska mzima hufika sentimita 30 na kupita. Tangi la urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50 hubeba lita 270 hivi, na hilo ni la oska mmoja tu. Ukitaka kumpa wenzake, anza na 180 kwa 60 kwa 60, yaani takriban lita 650. Urefu na upana ni muhimu kuliko kimo, kwa sababu samaki hawa hugombania sakafu. Kila mmoja hushika kona yake, na anayefukuzwa lazima apate pa kukimbilia asionekane.

La pili ni mdomo. Oska humeza: anafungua mdomo ghafla, maji yanavutwa ndani, na samaki mdogo anakwenda nayo. Anayeenea mdomoni ni chakula, hata kama wameishi kwa amani miezi mitatu. Mwenzake awe mkubwa wa kutoenea mdomoni, tena mwenye kiwiliwili kipana. Jihadhari hasa na kambare wadogo wa mapambo wenye miiba kwenye mapezi. Mmoja akimezwa hutanua miiba, ikakwama kooni, na mara nyingi hufa wote wawili.

Chaguo letu la kwanza ni silva dola, samaki bapa wa rangi ya fedha, watano au zaidi. Hufika sentimita 15, ni wapana, wepesi, na huogelea katikati ya maji, kwa hiyo hawamnyang'anyi oska sakafu yake. Akiwa mmoja au wawili hujificha na kuacha kula. Pleko, kambare anayenyonya kwenye kioo na mawe, naye anafaa, ila mnunue akiwa na sentimita 12 kwenda juu, umwekee kipande cha bomba pana la plastiki la kulala. Kumbuka atafika sentimita 40 na atachafua maji sana. Severamu, jamaa wa oska, hupatana naye wakikua pamoja. Jack Dempsey, jamaa mwingine wa oska, anawezekana katika lita 650, lakini awe mmoja. Ukiweka dume na jike wakataga, wazazi hao watafukuza kila samaki hadi upande wa pili wa tangi, na hakuna ujanja wa kuwatuliza zaidi ya kuwatenga.

Flawahoni, chotara wa samaki wa jamii hiyo, mwache peke yake. Anapendeza zaidi hivyo, na anayekushauri umpe mwenzake anakuuzia samaki wa kufa.

Wengi Kisumu hushawishika kuleta samaki wa ziwani. Furu ni wadogo mno, wataliwa. Mumi (kambare) huonekana mpole mchana, kisha usiku humeza wenzake, naye hupita mita moja. Kamongo hung'ata vipande vya mapezi na mkia. Mbuta (sangara) hana tangi la nyumbani litakalomtosha. Mbuna wa Ziwa Malawi nao wanataka maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 7.8 kwenda juu na chakula cha mimea, ilhali oska ni wa maji laini ya Amazon, hivyo msiwachanganye.

Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Nakuru usiku ni baridi, kwa hiyo lita 650 ziwekewe hita mbili za wati 300. Moja ikizima, nyingine inashikilia. Oska aliyepigwa na baridi hukataa chakula na hushikwa na madoa meupe upesi. Maji ya visima vya Bonde la Ufa mara nyingi yana alkali, basi pima pH kabla ya kununua samaki. Maji ya mfereji yaondolewe klorini kwanza. Badilisha asilimia 30 hadi 40 kila wiki, na filta izungushe angalau lita 3,500 kwa saa. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, isionekane kabisa kwenye kipimo. Pampu ya hewa ya betri iwe karibu, maana stima ikipotea samaki wakubwa huishiwa hewa haraka.

Siku ya kuwakutanisha, mgeni awe amekaa karantini wiki nne. Lisha wenyeji washibe, panga upya mawe na magogo yote ili kila mmoja apoteze mpaka wake, zima taa, kisha mwachie mgeni. Kama unaanza tangi jipya, mpole aingie kwanza na mkali awe wa mwisho.

Kutunishiana mashavu na kushikana midomo dakika chache ni kawaida, wanapimana nguvu. Angalia kinachofuata. Aliyeshindwa akikunja mapezi na kuondoka, mshindi akamwacha, mambo yataenda. Akiendelea kumfuata hadi mwenzake anajibanza juu kwenye kona nyuma ya hita, mapezi yamechanika na magamba yametoka, gawanya tangi siku hiyo hiyo kwa wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya kupitisha maji. Baada ya wiki mbili ondoa wavu ujaribu tena mara moja. Wakirudia, mmoja arudishwe kwa muuzaji au apewe mfugaji mwingine. Asitupwe mtoni wala ziwani: mbuta aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zimepotea tangu hapo.