Kupima uthabiti wa mguu kwa vijana wenye afya: chaki, futi ya fundi cherehani na subira

Karibu kila mwaka wanafunzi wa fiziotherapia hapa Kisumu huniletea pendekezo la utafiti lenye umbo lile lile: kuwachukua vijana wenye afya, kuwapa mazoezi ya miguu kwa wiki sita, kisha kuonyesha kwamba miguu imeimarika. Wazo si baya. Shida ni kwamba kijana asiye na maradhi hulizoea jaribio upesi kuliko misuli yake inavyoweza kubadilika, na mtafiti asiyejihadhari huishia kupima mazoea hayo akidhani anapima nguvu. Mimi mwenyewe niliingia katika mtego huo, kwani katika utafiti wangu wa kwanza kikundi ambacho hakikufanya zoezi lolote kiliongeza umbali wa kufikia kwa mguu karibu sawa na kile kilichotoka jasho wiki zote sita. Hapa ninaeleza jaribio la kusimama kwa mguu mmoja na kufikia pande tatu kwa mguu wa pili, ambalo halihitaji mashine yoyote.

Hatua ya 1: Vibali. Pata idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya, kabla hujamgusa mshiriki hata mmoja. Taarifa za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo fomu za vipimo zibebe namba tu, na orodha ya majina ifungiwe mahali pengine.

Hatua ya 2: Nani ana afya? Neno hili huandikwa kwa wepesi mno. Mwondoe aliyeumia au kufanyiwa upasuaji wa mguu katika miezi sita iliyopita, mwenye kizunguzungu, na mwenye maumivu ya sikio, kwa sababu sikio la ndani ndilo linalosaidia kuushika mwili wima. Kwetu huku kandokando ya ziwa ninaongeza swali ambalo fomu za kigeni hazina: je, umeugua malaria mwezi huu? Aliyemaliza dawa juzi atakwambia ni mzima, lakini mapaja yake yatakuambia vingine. Muulize pia kama jana alicheza mpira. Ikiwa alicheza, mpe siku nyingine.

Hatua ya 3: Kuchora sakafu. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, kwa kuwa vigae huteleza mguu ukitoka jasho. Unahitaji mistari mitatu inayokutana mahali pamoja: mmoja wa mbele na miwili ya nyuma, ile ya nyuma ikiachana kwa nyuzi 90, na kila mmoja ukiachana na ule wa mbele kwa nyuzi 135. Huna haja ya kifaa cha kupimia pembe. Fanya kama mwashi anavyopata kona ya nyumba: pima sentimita 60 kwenye mstari mmoja wa nyuma na 80 kwenye wa pili, kisha usogeze mmoja wao hadi umbali kati ya alama hizo mbili uwe sentimita 100 kamili. Baada ya hapo weka alama sentimita 100 kutoka makutano kwenye kila mstari wa nyuma, unganisha alama hizo kwa uzi, tafuta katikati ya uzi, na kutoka hapo piga mstari ulionyooka kupitia makutano hadi upande wa mbele. Funika mistari kwa utepe wa gundi, uandike sentimita juu yake kwa kalamu isiyofutika.

Hatua ya 4: Urefu wa mguu. Mshiriki alale chali. Papasa ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga, weka mwanzo wa futi hapo, uivute hadi kinundu cha ndani cha kifundo cha mguu. Pima mara mbili. Zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, uliteleza kwenye nyonga, basi rudia.

Hatua ya 5: Majaribio ya mazoea. Hii ndiyo hatua inayorukwa, nayo ndiyo iliyoniangusha. Mwaka 2008 watafiti Robinson na Gribble walionyesha kwamba majaribio manne ya mazoea kwa kila upande yanatosha kabla ya kuanza kuandika, badala ya sita yaliyokuwa yakipendekezwa awali. Manne kwa pande tatu na miguu miwili ni 24, na ndiyo, yanachosha kumsimamia kijana anayetaka kuwahi matatu ya kurudi Kondele. Yafanye hata hivyo, kisha umpumzishe dakika tano.

Hatua ya 6: Kupima. Mshiriki awe pekupeku, mikono kiunoni, ncha ya kidole gumba cha mguu wa kusimamia ikiwa kwenye makutano. Anyooshe mguu wa pili juu ya mstari, aguse kwa wepesi sehemu ya mbali kabisa, arudi katikati bila kuyumba. Akisimama kwa mguu wa kulia, upande wa nyuma-ndani uko kushoto kwake, na wa nyuma-nje humlazimu kupitisha mguu wa kushoto nyuma ya ule wa kulia. Jaribio halihesabiwi akiegemea mguu unaogusa, akiondoa mkono kiunoni, au akiinua kisigino. Watafiti wengine huruhusu kisigino kuinuka. Mimi sikiruhusu, na la msingi ni kuchagua kanuni moja na kuiandika. Inama uone kisigino hicho kwa macho yako, maana ukisimama wima utasoma utepe na kukikosa. Rekodi majaribio matatu sahihi kila upande, uchukue wastani.

Hatua ya 7: Hesabu. Jumlisha pande tatu, gawanya kwa urefu wa mguu mara tatu, zidisha kwa 100. Kwa mfano, mguu wa sentimita 88 uliofikia 62, 95 na 91 una jumla ya 248. Ukigawanya kwa 264 unapata asilimia 93.9. Bila hesabu hii, mrefu atamshinda mfupi kwa mifupa tu.

Hatua ya 8: Ijue kasoro ya kipimo chako. Wapime watu 20 hivi mara mbili, wiki moja kati, bila zoezi lolote. Tafuta mkengeuko sanifu wa tofauti zao (yaani jinsi tofauti hizo zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake), uuzidishe kwa 1.96. Badiliko la mtu mmoja lililo chini ya namba hiyo usiliite nafuu.

Hatua ya 9: Mazoezi na mgawanyo. Gawa washiriki katika vikundi viwili, kimoja cha mazoezi na kingine kikundi linganishi kisichofanya zoezi, kwa bahasha zilizofungwa na kuchanganywa, na anayepima asijue nani yuko kikundi gani. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja kwenye ngazi, seti tatu za mara 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki, kunatosha. Kumbuka kwamba nguvu ya wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kuliko kukua kwa msuli, kwa hiyo usiandike kwamba misuli imenenepa ikiwa hukuipima.

Hatua ya 10: Kusoma matokeo. Linganisha badiliko la kikundi kimoja na badiliko la kingine, si mwanzo na mwisho wa kikundi kimoja peke yake. Wanafunzi hupenda pia kunukuu kwamba tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya miguu, upande wa mbele, ni dalili ya hatari. Namba hiyo ilitoka kwa mtafiti Plisky na wenzake mwaka 2006, waliowafuatilia wachezaji 235 wa mpira wa kikapu wa shule za sekondari za Indiana, Marekani, na wenye tofauti hiyo waliumia miguu mara 2.5 zaidi. Mwanafunzi wa Maseno, hapa karibu na Kisumu, asiyecheza kikapu si mmoja wao. Ripoti kila upande kivyake, taja walioacha njiani na sababu zao, na vipimo vya mwisho vikikamilika kipe kikundi linganishi karatasi ya mazoezi yale yale.