Video ya harusi ya saa mbili: naibana vipi bila kuiharibu

Mteja akiniuliza video itakuwa GB ngapi, mimi kwanza namuuliza ataitazamia wapi. Nimejifunza kwa uchungu. Nilimkabidhi mama wa bibi harusi flashi yenye video iliyobanwa kwa kodeki (mbinu ya kubana video) ya H.265: faili dogo, picha safi kwenye kompyuta yangu. Nyumbani kwake Makorora runinga ikatoa sauti tu, kioo cheusi, na mashangazi wamejaa sebuleni wakisubiri. Tangu siku ile, video ya flashi naitoa kwa H.264. Ni kodeki ya mwaka 2003, na karibu kila runinga yenye tundu la flashi inaisoma. H.265, ya 2013, hubana zaidi kwa ubora uleule; hiyo naitumia kwa akiba yangu na kwa mteja mwenye simu mpya.

Kodeki ikishajulikana, swali gumu ni nini unakifunga kisibadilike: ubora au ukubwa wa faili. Natumia HandBrake, ambayo ni ya bure, na zote mbili zimo.

Ukifunga ubora, unaweka namba moja ya RF (kipimo cha ubora) na programu inagawa data kwa mahitaji ya picha. Baba anayetoa nasaha amesimama wima anapewa kidogo. Ukifika wakati wa kutuza, vitenge vinapepea, taa za rangi zinazunguka, inamwaga data. Namba ikiwa ndogo, ubora unakuwa mkubwa. Kwa 1080p naanzia 20. Ukipanda namba 6, faili hupungua karibu nusu, kwa hiyo panda mojamoja. Na usihamishe namba ya H.264 kwenda H.265: x264, inayotengeneza H.264, ina 23 kama chaguo-msingi, na x265, ya H.265, ina 28. Vipimo vyao havifanani.

Ukubwa naufunga pale tu ninapolazimika. Flashi nyingi ninazoletewa zina mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Hapo nachagua bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) ya wastani na kuiacha programu ipite mara mbili: mara ya kwanza inakagua, ya pili inaandika. Hesabu ni hii: GB 3.8 ni biti bilioni 30.4, gawanya kwa sekunde 7,200, unapata takriban kbps (kilobiti kwa sekunde) 4,200. Toa 160 za sauti, kisha uandike 4,000 ili ubakize nafasi. Ila kama ukumbi ulikuwa na moshi na giza, 4,000 haitoshi kwa 1080p. Afadhali nigawe video mbili, ya ndoa na ya ukumbini, kila moja kwa RF 20.

Kabla ya kuibana yote, jaribu dakika moja, na iwe ile ngumu kuliko zote. Watu wengi hujaribu mwanzo wa video, palipo na maandishi na maua yaliyotulia, na hapo kila namba inapendeza. Mimi nachukua dakika ya kutuza, naitoa kwa 20, 22 na 24, kisha natazama kwenye runinga. Naangalia giza la nyuma ya jukwaa, maana visanduku vya picha iliyobanwa kupita kiasi huanzia huko, na kingo za shela.

Kinachonenepesha faili mara nyingi ni chenga, yaani vidoto vinavyochezacheza kwenye picha. Kamera ikipandishwa ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ukumbini, chenga hubadilika kila fremu na programu inazitunza kama kitu cha maana. Weka kichujio cha kupunguza chenga, kiwango chepesi. Ukizidisha, hina ya bibi harusi inafutika, na hiyo familia haitakusamehe.

Kubana kwa kadi ya picha ni haraka sana, lakini kwa ubora uleule faili hutoka kubwa zaidi. Natumia kwa nakala ya kupitia tu. Ya kukabidhi naiwekea kasi ya polepole na kuiacha usiku kucha.

Faili mama, ambalo kwa Mbps 50 hufika GB 45, silifuti mpaka mteja anipigie kwamba ameitazama hadi mwisho, kwenye runinga yake mwenyewe.